Taa ya cheki injini imewaka na sailensi iko juu: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo

Ujumbe unaonifikia mara nyingi kuliko yote ni wa namna hii: taa ya cheki injini inawaka, ukisimama kwenye foleni ya Darajani mshale wa mizunguko unakaa 1,500 wakati ulizoea kuuona chini ya 800, msimbo wa hitilafu uliosomwa kwa skana umefutwa na umerudi, sensa mbili zimenunuliwa na hali ni ileile. Pesa imeondoka na gari bado inavuma.

Kinachowakwamisha watu si ugumu wa kazi, ni mpangilio wake. Mtu anasoma msimbo, anaugeuza kuwa jina la spea, anakwenda dukani. Msimbo hauagizi spea. Kompyuta ya gari inasema tu kwamba mahali fulani imeona jambo lisilolingana na inavyotarajia. Kwa nini limetokea, hiyo ni kazi yako kutafuta.

Shika jambo moja kabla ya yote. Injini ya petroli ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila mafuta kukanyagwa, kasi yake inaamuliwa na hewa. Hewa ikizidi, mafuta nayo huongezwa kuifuata na mizunguko inapanda. Basi swali ni hili: hewa ya ziada kompyuta imeiruhusu yenyewe, au imejipenyeza? Kila hatua hapa chini inasogeza jibu la swali hilo.

Mwongozo huu ni wa gari za petroli zenye nozeli (vipulizi vya petroli) na kompyuta, kama IST, Vitz, Spacio, Noah na Carina zilizojaa barabara zetu. Gari za dizeli zina mambo yake, usizitumilie maelezo haya.

Vitu vya kuwa navyo

- Skana inayosoma misimbo na pia inayoonesha vipimo injini ikiwa inaunguruma. Ile ndogo ya ELM327 ya Bluetooth, pamoja na simu, inatosha kwa gari nyingi.
- Multimita ya kupima volti na omu.
- Dawa ya kusafishia throto (mlango unaopitisha hewa kuingia kwenye injini), na chupa nyingine tofauti ya dawa ya sensa ya hewa. Hizi mbili si kitu kimoja.
- Spana namba 10 na 12, bisibisi, koleo, tochi, mswaki wa zamani na vitambaa visivyotoa nyuzi.
- Chupa ya kupulizia maji.
- Gasketi mpya ya throto, kama utaifungua yote.
- Daftari. Usiliache. Bila kuandika namba utarudia kazi ileile.

Usalama kwanza

Fanya kazi mahali wazi penye upepo, kwa sababu moshi wa petroli unaua ndani ya banda lililofungwa. Piga handibreki, weka jiwe nyuma ya tairi, gia iwe P au N. Kanzu, mtandio na mikono mirefu viwe mbali na mikanda ya injini. Feni ya rejeta ya umeme inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto.

Na kama taa ya cheki injini inapepesa wakati unaendesha, badala ya kuwaka tuli, simama mahali salama uzime. Hiyo ni dalili ya silinda kukosa kuwaka vizuri, na petroli isiyoungua inakwenda kuiharibu katalisti, kile kisafisha moshi kilicho kwenye egzosi.

Hatua ya 1: Soma msimbo kabla hujagusa chochote

Chomeka skana chini ya usukani, washa swichi, soma misimbo yote na uiandike. Usifute. Usitoe kichwa cha betri. Watu wanaanza na hayo mawili, na ndiyo yanayofuta ushahidi.

Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi hali ya gari wakati ule kosa lilipoonekana: joto la maji, mizunguko, mwendo, mzigo wa injini. Tafuta ukurasa huo kwenye programu ya simu na uupige picha. Msimbo uliojitokeza maji yakiwa nyuzi 60 baada ya safari ndefu unakuelekeza njia tofauti kabisa na uliojitokeza yakiwa 92.

Skana ikikataa kuungana, usidhani imekufa. Gari za soko la ndani la Japani za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, nyingi haziongei lugha inayoeleweka na skana za bei nafuu. Kwa Toyota za namna hiyo zenye soketi ya pini 16, unaunganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, na taa ya cheki injini inapepesa kwa hesabu. Mara mbili, kituo, mara mbili tena, ni 22: sensa ya joto la maji. Mara nne, kituo, mara moja, ni 41: sensa ya throto. Ikipepesa mfululizo bila vituo, hakuna msimbo uliohifadhiwa.

Onyo: pini ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja. Ukikosea pini unaweza kuunguza waya au kompyuta. Hesabu mara mbili kwa tochi, na kama huna uhakika mwachie fundi umeme.

Umefaulu kama una misimbo yote kwenye daftari, na taa bado inawaka kama ulivyoikuta.

Hatua ya 2: Jua msimbo unalalamikia nini

P0505 na P0507 zinahusu sailensi yenyewe. Ya kwanza inasema mfumo wa kuongoza sailensi una hitilafu, ya pili inasema mizunguko iko juu kuliko ilivyokusudiwa. Zote mbili hazitaji mkosaji.

P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi au mafuta machache. Ikikaa pamoja na P0507, shuku hewa inayovuja kabla hujashuku kitu kingine.

P0115 hadi P0118 ni sensa ya joto la maji na waya zake. P0128 ni injini isiyofikia joto lake la kazi. P0120 hadi P0123 ni sensa ya throto. P0100 hadi P0103 ni sensa ya kupima hewa.

Ukikuta misimbo mitatu au minne kwa pamoja, anza na ya sensa. Sensa inayodanganya huifanya kompyuta ikosee mambo mengine yote, na P0507 mara nyingi ni matokeo tu.

Hatua ya 3: Pima joto, injini ikiwa imelala

Kazi hii ifanywe asubuhi, gari haijawashwa tangu usiku. Baada ya sala ya alfajiri ni wakati mzuri.

Washa swichi tu. Tazama joto la maji na joto la hewa inayoingia. Injini iliyolala usiku mzima haina sababu ya kutofautiana na hewa ya nje, kwa hiyo namba zote mbili ziwe karibu, huku kwetu kama 25 hadi 30. Ukiona maji yanasomwa nyuzi 40 chini ya sifuri, soketi ya sensa imechomoka, waya umekatika au sensa imekufa. Kompyuta inaamini injini imeganda barafu, na inaipandisha sailensi kama inavyopaswa.

Ukitaka uhakika, chomoa soketi na upime sensa kwa multimita. Za Toyota nyingi husoma kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi omu 200 mpaka 400 kwenye nyuzi 80. Ikiwa sensa ni nzima, basi shida iko kwenye waya au soketi.

Sasa piga stata, kiyoyozi na taa zikiwa zimezimwa. Injini baridi kuanzia 1,200 hadi 1,500 si ugonjwa. Maji yakipanda, mizunguko ishuke polepole, na yakipita nyuzi 80 ikae kati ya 600 na 800 kwa gari nyingi ndogo. Kiyoyozi kikiwashwa, kupanda kidogo ni kawaida.

Themostati iliyotupwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sababu hii inasahaulika na imejaa mitaani kwetu.

Gari ikichemsha mara moja tu, kuna mafundi wanaotoa themostati na kuitupa. Maelezo yao ni kwamba nchi yetu ya joto haiihitaji. Si kweli. Kazi ya themostati ni kuyashikilia maji ndani ya injini mpaka yafike karibu nyuzi 80 na kidogo, ndipo iyaruhusu kwenda kwenye rejeta. Isipokuwepo, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Ukitoka mjini kwenda Bububu asubuhi na upepo unapiga rejeta, injini inaweza kukimbia njia nzima ikiwa nyuzi 60. Kompyuta inahesabu kwamba bado inapasha moto: inaongeza mafuta, inashikilia sailensi juu, na baadaye inawasha taa kwa P0128. Hapo sensa zote ni nzima, na ukinunua mpya kumi hali haibadiliki.

Kipimo chake ni rahisi. Endesha robo saa huku mwenzako anasoma joto kwenye simu. Likipanda ukisimama na kushuka chini ya 70 kila ukikimbia, themostati haipo au imekwama wazi. Rudisha themostati ya kiwango cha gari yako, kisha tafuta kilichoichemsha mwanzoni: rejeta iliyoziba, feni, kifuniko kisichoshika presha.

Jaza kuulanti, si maji ya kisima. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na chumvi inakula alumini na kuacha ukoko ndani ya njia nyembamba. Kwenye Toyota nyingi za kebo, zile ambazo pedali huvuta throto kwa kebo, maji ya injini hupita chini ya throto kwenye valvu ya sailensi, inayopitisha hewa ya sailensi, na njia hiyo ni miongoni mwa za mwanzo kuziba.

Umefaulu hatua hii kama joto linapanda hadi 80 na zaidi, linatulia hapo, na unajua kama sailensi inalifuata au imebaki juu peke yake. Ikibaki juu injini ikiwa moto, endelea.

Hatua ya 4: Tafuta hewa inayojipenyeza

Kwanza soma vipimo viwili kwenye simu, STFT (marekebisho ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu). Ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ndani ya 10 juu au chini ya sifuri ni salama. Zikijumlishwa na kufika 20 juu wakati wa sailensi, kisha zikashuka karibu na sifuri ukishikilia mizunguko 2,500, hewa inavuja baada ya sensa ya hewa. Zikibaki juu muda wote, tazama pampu ya mafuta, filta, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Angalizo moja: gari zisizo na sensa ya hewa kwenye bomba, zinazopima mgandamizo ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), huweza kuvuja hewa na vipimo hivi visioneshe makubwa. Kwao sailensi inapanda tu. Kwa hiyo ukaguzi wa mikono ufanye hata kama namba zinapendeza.

Anza na macho na masikio. Fuata bomba la hewa kutoka ea klina hadi throto, likunje taratibu, tazama chini ya mikunjo yake ambako nyufa hujificha. Kisha mipira ya vakyumu (ya mvuto wa hewa ya injini), mmoja mmoja. Joto linaikausha, njia za mawe zinaitikisa, na panya wanaitafuna gari ikilala muda mrefu. Mpira ukiubonyeza ukatoa sauti ya kuvunjika, umekwisha.

Halafu ubane. Zungushia koleo kitambaa, bana mpira wa busta ya breki (inayoifanya pedali iwe nyepesi), sikiliza, achia. Nenda kwenye mpira wa valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini), kisha ule wa mvuke wa tanki. Kubana mpira wa PCV kunashusha mizunguko kidogo tu hata kwenye gari nzima. Ukibana mmoja na sailensi ikaanguka kwa kishindo, uvujaji uko upande wa pili wa mpira huo. Ukiwa ni ule wa busta, usiahirishe, maana hizo ni breki zako.

Mwisho, gasketi ya manifoldi. Pulizia maji kidogo kwenye maungio yake huku injini inaunguruma. Mahali panapovuja, maji yanavutwa ndani na mlio unabadilika kwa sekunde moja. Usirowanishe koili za plagi wala alteneta. Kuna wanaotumia dawa ya kabureta badala ya maji. Inafanya kazi, lakini inawaka moto haraka sana juu ya egzosi, nami simshauri mtu afanye hivyo nyumbani.

Kipimo cha kuziba mdomo wa throto

Hiki ni kwa gari za kebo tu, si za throto ya umeme. Toa bomba la hewa mdomoni mwa throto, washa injini, na uzibe mdomo kwa kipande kigumu cha mpira au ubao laini, si kwa vidole. Injini nzima inazimika. Ikiendelea kuunguruma, inavuta hewa kwingine: rudi kwenye mipira na gasketi. Ikizimika, fungua, washa tena, ziba kwa ncha ya kidole kile kitundu kidogo pembeni ndani ya mdomo, kinachopeleka hewa kwenye valvu ya sailensi. Mizunguko ikishuka vizuri, valvu hiyo imekwama wazi au inaamriwa kukaa wazi. Kama injini inakataa kabisa kuunguruma bomba likiwa limetoka, gari yako ina sensa ya hewa kwenye bomba. Rudisha bomba na uache kipimo hiki.

Hatua ya 5: Soketi na chumvi ya bahari

Gari inayolala Nungwi, Mkoani au popote upepo wa bahari unapofika, soketi zake huota ukungu wa kijani au mweupe kwenye pini. Zima swichi, chomoa soketi ya sensa ya maji, ya throto, ya valvu ya sailensi na ya sensa ya hewa, zamu kwa zamu. Safisha kwa dawa ya kusafishia viungio vya umeme na mswaki, acha zikauke, paka grisi ya umeme kidogo, rudisha mpaka zilie klik. Kagua pia waya wa ethi unaofungwa kwenye injini na bodi.

Ukiwa hapo, pima sensa ya throto. Kwa gari za kebo, swichi ikiwa imewashwa na pedali imeachiwa, waya wa ishara huonesha karibu nusu volti, na ukikanyaga taratibu inapanda bila kuruka hadi kupita 3.5. Ikianza juu sana, angalia kebo isiwe imekazwa mno, na uangalie ile skrubu ya kuzuia kipepeo, kibati kinachofungua na kufunga throto. Skrubu hiyo imepangwa kiwandani. Ikiwa imezungushwa ili kushusha au kupandisha sailensi, kompyuta haijui tena kwamba mguu umetoka kwenye mafuta, na utahangaika miezi.

Hatua ya 6: Safisha throto na valvu ya sailensi

Sasa, si kabla. Injini ipoe, swichi izimwe, ufunguo uwe mfukoni. Toa bomba la hewa. Utaona utepe mweusi wa masizi pale ukingo wa kipepeo unapogusana na ukuta. Loweka kitambaa kwa dawa ya throto na ufute ukingo mzima, mbele na nyuma. Kipepeo cha kebo kifungue kwa kuvuta kebo. Cha umeme usikisukume kwa nguvu, gia zake za ndani ni za plastiki kwenye gari nyingi. Usimwage dawa ikatiririka kwenye mota wala sensa.

Valvu ya sailensi ya gari za kebo fungua, safisha, hakikisha inazunguka bila kukwama. Throto ukiishusha yote, weka gasketi mpya, la sivyo umetengeneza uvujaji mwingine kwa mikono yako.

Sensa ya hewa ipuliziwe dawa yake pekee, bila kuguswa kwa mswaki wala kidole. Waya wake ni mwembamba kama unywele.

Hatua ya 7: Ifundishe kompyuta upya

Wanaoniandikia "nimesafisha throto, sailensi imepanda zaidi" wameishia hatua ya 6. Kwa miaka kompyuta imekuwa ikifungua kipepeo zaidi ili hewa ipite kwenye masizi. Masizi yameondoka, kompyuta bado inafungua kama zamani. Hakuna kilichoharibika.

Kwa Toyota, zima swichi na utoe fyuzi ya EFI kwa dakika chache, kisha uirudishe. Napendelea fyuzi kuliko kutoa betri, kwa sababu redio nyingi za Kijapani zenye ramani hujifunga umeme ukikatika na kudai namba ya siri ambayo hapa huna. Washa injini, usiguse pedali, kila kitu kizimwe, iache hadi feni ya rejeta iwake na kuzima. Kisha washa kiyoyozi, iache dakika tano nyingine. Toka uendeshe kawaida, ukisimama mara kwa mara.

Nissan zina utaratibu wao wa kufundisha sailensi, na wengi hulazimika kutumia mashine kamili ya dayagnosi. Ukiisafisha Nissan bila kuwa na njia ya kuifundisha, gari inaweza kukaa 1,500 hadi 2,000. Panga na fundi mwenye mashine kabla hujafungua.

Hatua ya 8: Futa msimbo, kisha hakikisha

Ndipo ufute, kama kutoa fyuzi hakujaufuta tayari. Endesha siku mbili tatu, za foleni na za barabara ndefu kama ya Makunduchi. Injini ikiwa moto, soma tena: mizunguko 600 hadi 800, jumla ya STFT na LTFT ndani ya 10, joto limetulia, gari haitupi kishindo ukiingiza D, na haikuvuti mbele ukiwa umeshika breki kidogo. Taa ikikaa imezimika kwa safari zote hizo, kazi imekwisha.

Msimbo ukirudi, linganisha picha mpya ya hali ya gari na ile ya hatua ya 1, kisha umpe fundi daftari zima. Mwombe apime uvujaji kwa mashine ya moshi kabla hajabadilisha kitu.

Kama mwishowe ni spea inayohitajika na uko Pemba, au duka la mjini halina na unaagiza Kariakoo, tuma namba ya chesisi, namba iliyoandikwa kwenye spea ya zamani, na picha ya soketi yake kwa mbele ili pini zihesabike. Valvu za sailensi za injini mbili za Toyota zinaweza kufanana umbo zikatofautiana pini, na meli haitarudi nayo siku hiyohiyo.